Anayeanza kukereza nundu aanze na mshiko

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua kuhusu makala ya ufundi mliyoichapa juu ya kukereza mabakuli kwa nundu za miti. Picha zilipendeza, na maelezo ya umbo la bakuli yalieleweka. Hata hivyo, makala ilimpeleka msomaji moja kwa moja kwenye patasi na msasa, ikaruka jambo ambalo ndilo humuumiza anayeanza: namna nundu inavyoshikwa kwenye mashine ya kukerezea, ile inayoizungusha mbao huku patasi ikiikata. Ukikereza gogo la kawaida lenye nyuzi zilizonyooka, uzembe huo waweza kupita salama. Kwenye nundu haupiti.

Sababu imo ndani ya nundu yenyewe. Nundu ni uvimbe unaoota kwenye shina au mzizi, mara nyingi baada ya mti kujeruhiwa au kushambuliwa na ukungu au wadudu. Machipukizi yaliyolala chini ya gome huzidi kuongezeka bila kuwa matawi, kila chipukizi huacha jicho dogo, na nyuzi za mbao hulizunguka jicho hilo badala ya kwenda sambamba na shina. Hapo ndipo yanapotoka yale mawimbi na madoa ambayo watu huyalipia fedha nyingi. Lakini nyuzi ndefu ndizo zinazoipa mbao nguvu ya kushika skrubu na ya kutomeguka kwenye taya za mashine, na nundu haina nyuzi hizo. Ongeza gome lililomezwa ndani, mianya, sehemu zilizooza, na kwa nundu zilizoota karibu na udongo, mawe na mchanga. Kwa nje huoni kitu.

Kuhusu kuipata, makala ilisema tu “kata nundu mtini”. Tungependa wasomaji wajue kwamba kukata nundu kwenye mti ulio hai huacha kidonda kipana kisicho na gome, na ukungu wa kuozesha huingilia hapo. Chukua nundu kwenye mti ulioanguka, au uliokatwa kwa sababu nyingine, kwa ruhusa ya mwenye mti. Tamaa ya nundu si jambo dogo: huko California, wizi wa nundu za miti mikubwa ya redwood ulifika mahali ambapo mwaka 2014 barabara moja ndani ya hifadhi ya miti hiyo ilifungwa nyakati za usiku ili kuwazuia wezi. Nundu za chini za mti huo hubeba machipukizi ambayo mti huyatumia kuota upya, kwa hiyo anayezikata huiba pia mti wa kesho.

Nundu ikishakatwa, muda unahesabika kwa saa. Uso uliokatwa ukiachwa wazi, maji hutoka juu haraka kuliko ndani na nyufa huanza. Upake nta siku hiyohiyo. Nta ya mishumaa iliyoyeyushwa inafaa, ila iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Gome liache mahali pake, maana lenyewe ni kizuizi cha unyevu. Weka nundu kivulini, juu ya vipande vya mbao ili isiguse chini. Nundu hupasuka kidogo kuliko gogo kwa sababu nyuzi zake hazina njia moja ya kuachana, lakini haina kinga kamili, hasa ikiwa kiini cha mti kimebaki ndani. Kama uvimbe umezunguka shina lote, pasua katikati ya kiini upate vipande viwili, na kiini chenyewe ukiondoe.

Kabla ya kuipeleka kwenye mashine, ikague. Pitisha brashi ya waya kwenye mikunjo yote ya gome hadi mchanga uishe. Punje moja ya jiwe huua makali ya patasi mara moja. Kisha igonge kwa nyundo ndogo kila upande. Sehemu nzima hutoa sauti kavu na ya juu, na sehemu yenye mwanya au ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Weka alama ya chaki kila unaposikia sauti hiyo. Kama alama zimejipanga mstari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nundu hiyo ina ufa unaoigawa, na mahali pake ni msumeno, itoe vipande vidogo. Kuna wanaozungushia mkanda wa plastiki nundu yenye ufa wakaendelea kukereza. Mkanda huzuia vipande vidogo vya gome tu. Hauwezi kuzuia nusu ya bakuli.

Sasa mshiko. Kwa bakuli la kwanza tunashauri nundu ya kipenyo cha sentimita 18 hadi 20, iliyokatwa ikabaki na uso mmoja bapa, na tunashauri gome liwe upande wa chini wa bakuli. Wengi hutaka kinyume chake: gome likae juu, ukingo ubaki na miiba ya asili. Ni kazi nzuri, lakini ukingo ule hauna duara kamili, makali hukata hewa na mbao kwa zamu, na ukizunguka hauonekani vizuri, vidole vikaugusa. Iache kwa baadaye. Gome likiwa chini, uso bapa ndio utakaopokea sahani ya chuma ya mashine, na matundu ya skrubu yataondoka yote utakapochimba ndani. Kwa maana hiyo unaweza kufunga skrubu ndefu bila kuhofia kuharibu kazi.

Chora duara, ondoa pembe kwa msumeno, kisha hakikisha uso ule ni bapa kweli. Sahani ikichezacheza hata kidogo, skrubu moja itabeba mzigo wa zote. Tumia skrubu za mbao nne hadi sita, nene milimita 5 hadi 6, ziingie ndani ya mbao angalau milimita 25. Toboa kwanza kwa kekee nyembamba kuliko skrubu. Ukihisi kekee imezama ghafla, umekuta mwanya au gome. Zungusha sahani, utafute mahali pengine. Skrubu nyeusi za kufungia bodi za jasi zisitumike kabisa. Ni ngumu lakini hukatika ghafla zinapobanwa kwa ubavu, na mzunguko wa mashine hubana kwa ubavu. Tumekuta mafundi wazoefu wakizitumia kwa sababu tu ziko karibu.

Sogeza mkia wa mashine, ile sehemu ya mwisho inayotelezeshwa kubana kazi, ubane upande wa gome, na uendelee kubana hadi nundu iwe duara na imetulia. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima uone kama inagusa egemeo la patasi. Simama pembeni, nje ya njia ambayo kipande kingerukia, ndipo uwashe.

Hapa kuna kosa la makala ambalo tunaomba lisahihishwe. Iliandikwa kwamba mashine izungushwe mara 1,500 kwa dakika, bila kutaja kipenyo. Nundu ya sentimita 30 ikizungushwa hivyo, ukingo wake huenda kwa karibu kilomita 85 kwa saa, na nundu mbichi ya ukubwa huo yaweza kuwa na kilo tano au zaidi. Kanuni wanayoitumia wakerezaji ni rahisi: gawanya 15,000 kwa kipenyo cha sentimita upate kasi ya chini, gawanya 22,500 upate ya juu. Kwa sentimita 20 ni kati ya 750 na 1,125. Kwa sentimita 30 ni kati ya 500 na 750. Kasi hizo ni za kazi iliyokwisha kuwa duara. Nundu ghafi, ambayo upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, huanza na kasi ndogo kabisa ya mashine, 300 au 400. Ongeza polepole, mashine ikianza kutetemeka, rudi nyuma kidogo. Kama kasi ya chini kabisa ya mashine yako ni 500 au zaidi na bado inatikisika, nundu hiyo ni kubwa mno kwa mashine hiyo, na kuiwekea mashine mifuko ya mchanga hakubadilishi ukweli huo kwa kiasi cha kutosha.

Kinga ya uso iwe ngao nzima inayohimili pigo. Miwani peke yake haitoshi. Glavu zivuliwe, mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko, mkufu na saa vitolewe, nywele zifungwe. Vumbi lina hatari yake: mbao nyingi zenye nundu huwasha ngozi na mapafu, na zile zilizoanza kushikwa na ukungu ni mbaya zaidi. Vaa barakoa ya vumbi la mbao inayobana usoni, tangu mwanzo wa kukereza hadi mwisho wa msasa.

Patasi ya kazi hii ni ile yenye mfereji wa kina iliyotengenezwa kwa ajili ya mabakuli, ya chuma kigumu cha kasi (HSS), nene kama milimita 12, iliyonolewa kwa mshazari wa digrii 50 hadi 60. Ipo patasi nyingine pana yenye mfereji, ya kukwangulia magogo marefu, ambayo huuzwa ndani ya seti za wanaoanza na ndiyo kubwa kuliko zote. Isiguse bakuli. Shina lake hupungua na kuwa bapa pale linapoingia kwenye mpini, na ikinaswa na mbao hukatikia hapo.

Namna ya kukata ni hii: weka patasi juu ya egemeo kwanza, kisha mgongo wa mshazari uguse mbao bila kukata, halafu inua mpini taratibu mpaka maranda membamba yaanze kutoka. Anayetanguliza ncha hunaswa. Egemeo likae milimita 6 hadi 10 kutoka kwenye mbao, na kila unapopunguza mbao lisogeze tena, mashine ikiwa imezimwa. Nje ya bakuli kata kutoka kitako kwenda ukingoni. Ndani, kutoka ukingoni kwenda katikati. Kwa gogo la kawaida mwelekeo huo huzuia nyuzi kung’oka. Kwa nundu hauwezi kuzuia kila mahali, kwa kuwa ndani ya sentimita mbili nyuzi huweza kuelekea pande nne. Kinachookoa ni makali. Noa kabla hujahisi butu, na noa tena kabla ya mkato wa mwisho. Ukisikia sauti imebadilika kutoka kuzomea na kuwa kugongagonga, au maranda yamegeuka kuwa vumbi, simamisha mashine uone: ama makali yamekwisha, ama umefika kwenye mwanya.

Nje ikishakamilika, chonga ulimi kwenye kitako, ule utakaobanwa na taya nne za kishikio cha mashine. Upana wake uwe theluthi ya kipenyo cha bakuli au zaidi kidogo; kwa bakuli la sentimita 20, sentimita 7 hadi 8. Urefu milimita 8 unatosha, ila ncha ya ulimi isiguse sakafu ya kishikio. Kinachotuliza bakuli ni bega lililonyooka linalokaa juu ya taya. Ulimi ukigusa chini, bega huelea na bakuli hutikisika kila patasi inapogusa. Taya hushika vizuri zaidi zinapokuwa karibu kufunga na kufanya duara kamili. Zikifunguliwa sana, hubana kwa pembe zake nane tu, na kwenye nundu pembe hizo huzama.

Uchunguze ulimi huo kwa jicho na kwa ncha ya msumari. Kwa sababu uko upande wa gome, mara nyingi utaona mstari mweusi, mwembamba kama uzi, ukiukata. Huo ni mshono wa gome, na gome halijashikana na mbao upande wowote. Taya zikibana, zitaufungua mshono, na patasi ikinasa mara moja ulimi utabaki kwenye taya huku bakuli likiruka. Ukiuona mstari huo, usijaribu bahati. Kata ulimi wote ubaki na uso bapa, gundisha kipande cha mbao ngumu kavu cha unene wa sentimita 3 hadi 4, uchonge ulimi mpya kwenye kipande hicho. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri mbao mbichi. Tumia gundi ya poliyurethani, ambayo hukaushwa na unyevu, na ubane kwa usiku mzima. Wako wanaoona hatua hii ni kupoteza muda. Sisi tungeifanya kwa kila nundu ya anayeanza, mshono uwepo usiwepo.

Kabla ya kuchimba ndani, toboa katikati kwa kekee yenye alama ya kina, ubakize milimita 25 kwa bakuli litakalokaushwa kwanza, bila kuhesabu ulimi. Tundu hilo ndilo kipimo chako. Likipotea chini ya maranda na ukaendelea kwa kukisia, utatoboa kitako. Ndilo kosa linaloharibu mabakuli mengi.

Nundu ikiwa mbichi, usiimalize siku hiyo. Acha ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 2 kwa bakuli la sentimita 20, unene ulio sawa kutoka ukingoni hadi kitako. Pale ukuta mnene unapokutana na mwembamba ndipo ufa huanzia. Andika tarehe na uzito kwenye kitako, fukia bakuli kwenye maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, uliweke mahali pasipo upepo wala jua. Mfuko wa plastiki huleta ukungu. Pima kwa mizani ya jikoni kila wiki mbili. Uzito ukikaa palepale mara tatu mfululizo, limekauka. Mara nyingi ni miezi sita au zaidi. Bakuli la gogo hukauka likiwa yai. La nundu hukauka likiwa na mabonde na vilima vidogo pasipotabirika, na ndiyo maana ule unene wa ziada hauna mjadala.

Likikauka, lirudishe kwenye mashine, nyoosha ulimi kwanza maana nao umepinda, kisha nje, kisha ndani. Ukuta maliza kwa hatua: sentimita mbili au tatu za ukingo hadi unene wa mwisho wa milimita 6 au 7, halafu sentimita zinazofuata, bila kurudi ukingoni. Ukishachimba katikati, ukingo huanza kutetemeka na patasi ikirudi huko huupasua. Kitako kibaki na milimita 10.

Gome lililolegea na mianya midogo huimarishwa kwa supaglu nyepesi, matone machache yanayonywewa yenyewe. Tangulia kupaka shelaki (aina ya vanishi) pembezoni, la sivyo gundi itaacha doa ambalo mafuta hayataficha. Mashine iwe imesimama, na uso usiwe juu ya tone, kwa kuwa gundi hiyo ikikutana na vumbi la mbao hupata joto na kutoa moshi unaochoma macho. Mwanya mkubwa unaweza kuujaza kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la nundu ileile, lakini kwenye mbao iliyokauka tu. Maoni yetu ni kwamba mianya mingi ingeachwa kama ilivyo. Bakuli la nundu si la kuwekea mchuzi.

Msasa uanze na namba 100 au 120, kisha 180, 240, 320, na 400, bila kuruka. Macho ya nundu ni magumu kuliko mbao inayoyazunguka, kwa hiyo ukikandamiza kidole mahali pamoja, sehemu laini huzama na macho hubaki yamesimama. Kitambaa cha msasa kinachozungushwa na drili, chenye sifongo nyuma yake, hupunguza tatizo hilo. Shusha kasi hadi 400 hivi. Uso ukiwa wa moto kiasi cha kukuondoa kidole, umekandamiza mno, na joto hilo huleta nyufa nyembamba zitakazoonekana siku ya kupaka mafuta. Puliza vumbi litoke kwenye mianya kila unapobadilisha namba. Punje za 120 zilizobaki ndani zitakwaruza kazi ya 320.

Ulimi huondolewa mwisho: geuza bakuli, mdomo ukae juu ya kipande cha mbao kilichofunikwa sifongo, mkia wa mashine ubane katikati ya kitako, ukate kuzunguka. Kibonyeo kidogo kibaki ndani ya kitako ili bakuli lisimame kwa ukingo wake. Kijiti kinachosalia katikati kikate kwa patasi ya mkono.

Nundu hunywa mafuta mengi kwa kuwa nyuzi nyingi huishia usoni. Mafuta ya mbegu za mti wa tung au za kitani yapakwe kwa wingi mara ya kwanza, yaachwe dakika 20, yafutwe yote. Rudia kila baada ya saa 24, mara nne au tano. Kwa saa chache za mwanzo matone hutoka tena kwenye macho; yafute kabla hayajaganda. Vitambaa vilivyotumika kufutia mafuta hayo visikunjwe wala kutupwa kwenye pipa la maranda. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke vikakamae, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

Tunaomba marekebisho ya ile kasi ya 1,500 yachapwe katika ukurasa uleule wa ufundi, kwa sababu wapo wasomaji waliokata makala na kuibandika ukutani karibu na mashine.

Wasomaji wenu,
Mafundi wakerezaji